Tetea wa Mvunguni

Tetea aliingia chumbani kwa mzazi kabla mzazi mwenyewe hajarudi kutoka hospitali. Aliingia kwa heshima zote, amebebwa pamoja na sanduku lake la mbao, mayai yako chini ya tumbo lake, macho yamemtoka kwa hasira, na aliyembeba alikuwa akinyata ili yai lisigongane na yai. Akasukumwa mvunguni mwa kitanda, upande wa ukutani, kwenye giza na joto. Bi Mayai akajipangusa vumbi magotini, akamwambia, "Haya, mama. Hapa hata shetani hakuoni."

Jina la Bi Mayai alipewa na mtaa, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Nyumba ilikuwa yake, vyumba vitatu na ua, na ndani yake waliishi yeye, mwanawe wa pekee ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, na mke wa mwanawe. Kwa kuku, hakuna aliyemfikia. Jirani mwenye kuku anayekohoa alimleta kwake kwanza kabla ya kwenda popote. Bi Mayai angemfunua kope, angemnusa mdomo, angembinya tumbo, kisha angesema: huyu ni mafua, mtenge na wenzake, huyu ana minyoo, angalia alivyobaki mfupa wa kifua, huyu ameshapinda shingo na anaharisha kijani, usipoteze dawa, chimba shimo. Na mara nyingi ilikuwa hivyo hivyo alivyosema.

Ila mwaka huo kuku wake mwenyewe walimtia aibu. Matetea wawili walikuwa wamekufa bandani wakiwa wanaatamia, mmoja baada ya mwingine, bila kikohozi, bila kuhara, wamekauka tu juu ya mayai. Ndiyo maana wa tatu alihamishiwa ndani. Na alihamishwa na sanduku lake kwa sababu Bi Mayai hakuwa mfugaji wa jana. Tetea anayeatamia ukimtoa kwenye kiota chake anayasusa mayai. Ukimhamisha, unamhamisha na kiota chake, nyasi kwa ubao. Hilo alilijua kama anavyojua njia ya kisimani.

Mchana huo huo mzazi akafika, anatembea kwa kujishika ukutani, mumewe nyuma yake na bunda la nguo.

"Mume wangu huyo!" Bi Mayai akapiga kigelegele mlangoni. "Nipeni mume wangu nimwone. Ee, mke mwenzangu, hongera, umeniletea mwanamume mwenye mashavu!"

Mkwe akacheka, akampa mtoto. Wakaingia chumbani, mzazi akaketi kitandani taratibu, na chini ya kitanda kitu kikanguruma.

"Mama, kuna nini humu?"

"Mgeni mwenzako. Naye anatarajia. Mtapeana moyo."

Fundi akainama, akachungulia. "Mama, kuku? Chumba cha mtoto mchanga?"

"Wewe ulizaliwa chumba gani? Juu ukilia wewe, chini wakiangua vifaranga. Ulikufa?"

"Sikufa, mama."

"Basi."

Fundi akamtazama mkewe, mkewe akatazama sakafu. Nyumba ni ya mama, na mama hakuwahi kumnyooshea mwanawe mkono kuomba hata chumvi. Mayai ndiyo yaliyomlisha, yakamvika, yakampa sauti ndani ya nyumba. Nani angemwambia atoe kuku?

*

Mtoto hakuwa akilala. Watu husema mtoto mchanga halali, lakini huyu alikosa usingizi kwa namna nyingine. Giza likiingia tu anaanza kujinyonganyonga na kulia, akipambazukiwa anatulia. Shingoni na kwenye mikunjo ya mapaja akatokwa na vipele vyekundu vidogo vidogo. Mama yake naye akawa anajikuna kiunoni mpaka ngozi ikachubuka.

"Joto," alisema Bi Mayai siku ya kwanza.

"Maziwa yako," alisema baadaye. "Unakula pilipili."

"Sijala pilipili, mama."

"Basi ni maji unayomwogeshea. Mtoto anaoshwa, hapanguswi kama meza."

Mkwe akamhamishia mtoto titi la pili. Alikuwa bado anauguza mshono, na mwenye mshono hana nguvu ya kubishana.

Bandani nako mambo yalikuwa vile vile. Kuku wa Bi Mayai, waliozoea kuingia wenyewe jua likizama bila kuambiwa, sasa walikuwa wanasimama mlangoni pa banda, wanachungulia, wanarudi nyuma. Wengine wakapanda juu ya tangi la maji, wengine juu ya kuni. Ilibidi awakamate mmoja mmoja na kuwatupa ndani huku akiwatukana. Upanga wa kichwani, ule uliokuwa mwekundu kama nyanya, ukapauka ukawa kama kipande cha sabuni. Mayai yakapungua. Halafu siku moja mwenye duka wa kona, ambaye ndiye mnunuzi wake wa miaka yote, akamrudishia kikapu mbele za watu.

"Bi Mayai, samahani. Wateja wanalalamika."

"Wanalalamikia nini? Yai lina nywele?"

"Yana madoa. Tazama mwenyewe. Madoadoa ya damu juu ya ganda. Mtu akiona damu anadhani kuku ni mgonjwa."

Watu waliokuwa dukani wakanyoosha shingo. Bi Mayai akalisugua yai moja kwa kidole gumba, doa likatoka. "Si haya yanafutika? Uvivu wenu tu wa kupangusa." Akabeba kikapu chake akaondoka akiwa ameinua kichwa, na alipofika pasipo na watu akakishusha chini akapumzika.

Mchana huo, mkwe akasema kwa sauti ya chini, "Mama, hawa si wadudu wa kuku kweli?"

Bi Mayai akainuka. Alikwenda mvunguni, akamtoa tetea akipiga kelele, akamleta uani penye mwanga. Akamgeuza chali. Akafunua manyoya ya kifua, ya chini ya mbawa, ya nyuma kabisa kwenye kitovu cha mkia ambako chawa hupenda kutaga. Akapuliza manyoya yaachane. "Njoo. Njoo utazame, wewe mwenye macho ya shule. Umeona chawa? Umeona kiroboto? Hata yai la chawa?"

Mkwe akainama, akatafuta. Ngozi ya kuku ilikuwa nyeupe, safi.

"Sioni, mama."

"Huoni. Basi usimsingizie mnyama wa watu."

Na kweli hakukuwa na kitu. Bi Mayai hakudanganya. Hilo ndilo linaloniuma mimi ninayesimulia: siku hiyo hakudanganya.

*

Walikwenda zahanati pamoja, bibi akiwa amembeba mjukuu. Foleni ilikuwa ndefu, benchi limejaa kina mama. Muuguzi alikuwa mtu wa sauti kubwa, mmoja wa wale wanaodhani wagonjwa wote ni viziwi.

"Mtoto huyu anaogeshwa?"

"Anaogeshwa, dada," mkwe akajibu.

"Kwa nini basi ana upele wa uchafu? Hebu geuza. Angalia shingo. Angalia mapaja!" Akavuta kope la chini la mtoto. "Na damu imepungua. Mnampa nini huyu? Mnalala kwenye matandiko yaliyofuliwa lini?"

Benchi zima likageuka. Wanawake wenye watoto wao walitazama kwa namna ile ya kumshukuru Mungu kwamba si wao. Mkwe akamfunika mtoto mapaja. Akamgeukia mama mkwe wake, na macho yake yalikuwa yakiomba jambo moja tu: sema, mama. Sema ninavyomwogesha. Unaniona kila siku.

Bi Mayai akamrekebisha mtoto begani. "Nimekuwa nikimwambia," alisema.

Walipewa dawa ya kupaka. Walipofika uani, mkwe alimpokea mtoto, akamsubiri mumewe aingie na mashizi yake ya kazini, ndipo aliposema, mbele ya wote wawili, bila kupaza sauti.

"Mama, kuku atoke chumbani. Asipotoka yeye, natoka mimi na mwanangu. Nitakwenda kwetu."

"Amebakiza siku chache aangue."

"Mimi sina siku chache."

"Ukimhamisha sasa atayasusa, yote yataoza! Unajua yule ndiye wa mwisho mwenye kuatamia? Wengine wote wamekauka!" Bi Mayai akamgeukia mwanawe. "Na wewe umenyamaza kama nguzo?"

Fundi akanawa mikono, akaendelea kunawa hata baada ya mikono kutakata. "Vumilianeni," alisema. "Siku chache tu. Kisha atatoka."

Mkwe akaingia chumbani akaanza kukunja nguo za mtoto, moja moja, akizipanga kwenye bunda lile lile alilorudi nalo kutoka hospitali. Bi Mayai aliona. Alijua kuwa asubuhi mbili tatu zikipita bila jibu, bunda lile litatoka mlangoni na mume wake mdogo ndani ya mkono mwingine. Huyo mtoto alishampenda kupita kiasi. Alikuwa anamfanya acheke peke yake jikoni.

*

Ofisi ya bwana mifugo ilikuwa nyuma ya soko, chumba kimoja chenye jokofu la chanjo na kalenda ya ng'ombe. Bi Mayai hakuwahi kuingia mle kuomba ushauri. Aliingia tu kununua chanjo ya matone, na kila mara alikuwa akimsahihisha kijana yule jinsi ya kumshika kuku. Leo alikaa kwenye kiti cha wateja, mikono mapajani.

Akaeleza. Panga za kichwani zimepauka. Kuku hawataki kuingia bandani. Mayai yana madoa ya damu. Matetea wawili wamekufa juu ya mayai.

"Umewakagua?" aliuliza bwana mifugo.

"Kila mahali. Mbawani, kifuani, mkiani. Hakuna mdudu."

"Uliwakagua wakati gani?"

"Mchana, jua kali. Nani anatafuta chawa gizani?"

Bwana mifugo akacheka kidogo, si kwa dharau. "Mama, huyu wako si chawa. Huyu ni mwizi. Mchana hakai kwenye kuku hata kidogo. Anakaa kwenye ubao: kwenye nyufa za fito za kulalia, kwenye maungio ya masanduku ya kutagia. Usiku anatoka, anapanda kwa kuku, anakunywa damu, anarudi kulala. Utitiri mwekundu. Ndiyo maana kuku wanaogopa kuingia. Na tetea anayeatamia hana pa kukimbilia, ananyonywa mpaka anakwisha. Yale madoa kwenye mayai ni wadudu walioshiba, kuku kawaponda."

Utitiri Bi Mayai aliujua, nani asiyeujua? Lakini alijua utitiri wa kwenye kuku. Wa kwenye ubao hakuujua. Akahisi sikio moja linapiga kelele ndani kwa ndani.

"Chukua kitambaa cheupe," bwana mifugo aliendelea, "giza likianza kuingia, kipitishe chini ya fito na kwenye maungio. Kikitoka na wekundu, umemkamata." Akafungua kabati, akatoa chupa ndogo. "Dawa hii ni ya kuogeshea ng'ombe wenye kupe, lakini kwa ubao wa banda inafaa. Toa kuku wote. Nyunyizia mbao, acha zikauke mpaka kesho yake, ndipo uwarudishe. Ni sumu kali, mama. Si ya ndani ya nyumba. Chakula na watoto viwe mbali."

"Nimesikia, mwanangu."

"Na nyumbani je? Kuna mtu anayejikuna? Maana akikosa kuku, au akizidi wingi, anapanda kwa watu."

Hapo palikuwa na neno moja tu la kusema. Angelisema, angeambiwa kitu ambacho hata mtoto wa shule angeweza kukifanya: choma sanduku, chemsha matandiko, toa kitanda juani, mwaga maji ya moto kwenye nyufa. Kazi ya siku moja na sabuni. Lakini kulisema lilikuwa sawa na kusema kwamba yeye, Bi Mayai, anayeletewa kuku wa mtaa mzima, ndiye aliyembeba mwizi kwa mikono yake miwili, na kiota chake, akamlaza chini ya mjukuu wake. Na kwamba zahanati, mbele ya benchi zima, alimwachia mkwe wake aibu isiyo yake.

"Hakuna," alisema. "Hakuna anayejikuna."

*

Jua lilipozama alikwenda bandani na kipande cha shuka jeupe. Akakipitisha chini ya fito ya kwanza. Kikatoka na mchirizi mwekundu, kama mtu aliyejikata na wembe. Fito ya pili, vile vile. Akachokonoa ufa kwa kijiti, na ufa wote ukaanza kutembea.

Akakikunja kitambaa upande uliobaki mweupe, akaingia ndani. Mkwe alikuwa jikoni, mtoto mgongoni. Bi Mayai akaingia chumbani, akapiga magoti. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nao wahenga hawakusema atakachokikuta akishainama. Tetea akamdonoa. Akapitisha kitambaa kwenye maungio ya sanduku: wekundu. Kisha akainua godoro upande wa ukutani, upande anaolala mtoto, akapitisha kitambaa kwenye chaga za kitanda.

Kikatoka chekundu kuliko bandani. Na damu hii haikuwa ya kuku.

"Mama?" Mkwe alikuwa amesimama mlangoni. "Unatafuta nini?"

"Yai," alisema Bi Mayai, akikisokota kitambaa ndani ya pindo la nguo yake. "Nilidhani yai limebingirika."

Aibu ikamwaka mwilini kama homa. Alitaka kulia, akashindwa. Alitaka kusema, akasema, "Mtoto amekula?"

*

Asubuhi alifanya kila kitu kwa utaratibu, kama fundi anayejua kazi. Akawatoa kuku wote, akafunga mlango wa banda, akachanganya dawa kwenye ndoo, akanyunyizia fito, masanduku na kuta. "Hakuna kurudi humu mpaka kesho," aliwaambia kuku, nao wakamtazama kwa jicho la pembeni.

Kisha akatafuta boksi la karatasi ngumu, akatandika nyasi mpya, akalipeleka chumbani kwake mwenyewe. Akayahamisha mayai, akamleta tetea. Tetea akasimama ndani ya boksi, akazunguka mara moja, akayasogeza mayai kwa mdomo, akaketi. Akafumba macho.

Kumbe. Kumbe ilikuwa ni hivyo tu.

"Umemtoa, mama?" Mkwe alikuwa nyuma yake, na uso wake ulikuwa umefunguka kama zamani, kabla ya mambo haya yote. "Asante. Asante sana, mama."

Asante hiyo ilimchoma kuliko tusi. "Nenda kakae uani, mwoteshe jua mume wangu," alisema. "Mimi nitakufagilia chumba."

Sanduku akalitupa nyuma ya nyumba. Kitanda je? Angekitoa kitanda nje angeulizwa kwa nini. Angechemsha matandiko yote angeulizwa kwa nini. Chupa ilikuwa na dawa iliyobaki. Akafunga mlango. Akanyunyizia chaga, miguu ya kitanda, nyufa za ukutani, na upande wa chini wa godoro kidogo, kwa uangalifu, kama anayetia chumvi. Akafungua dirisha. Kuku walipewa siku nzima ya kusubiri dawa ikauke. Mtoto hakupewa hata nusu ya siku, maana kuku hawaulizi maswali.

Mchana upepo wa mvua ukaanza kuvuma. Mkwe akaingia ndani na mtoto.

"Kunanuka nini, mama?"

"Dawa ya sakafu. Si ndiyo usafi anaoutaka yule muuguzi wako?"

Mkwe akacheka. Wakacheka wote wawili, kwa mara ya kwanza tangu siku ya kigelegele. Mkwe akafunga dirisha ili mtoto asipigwe na baridi, akamlaza upande wa ukutani. Bi Mayai alimwona akifunga dirisha. Akaenda jikoni akawasha moto.

*

Yowe la mkwe lilimkuta Bi Mayai akichambua mchele. Mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Mate yalikuwa yakimtoka puani na mdomoni, mengi, yenye povu, na kila akivuta pumzi kifua kilikuwa kikichemka kama sufuria. Jirani akakimbia kumwita fundi karakana. Wakamkimbiza hospitali, fundi amembeba, viatu vimebaki njiani.

Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, asiyepoteza maneno. Akamulika macho ya mtoto, akatazama mboni zilizobaki kama tundu la sindano.

"Amekula nini?"

"Maziwa tu," mkwe akasema.

"Amepakwa nini?"

"Hii, ya zahanati." Akatoa kichupa. "Ni hii, daktari? Nimemuua kwa hii? Nilimpaka kama nilivyoambiwa, sikuzidisha..."

Daktari akakinusa, akakirudisha. "Si hii. Kitu kingine. Dawa ya wadudu, ya shamba, ya panya, chochote. Nataka jina. Nikikisia nikakosea, nitammaliza mwenyewe. Nani anajua?"

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akajishika kichwa, akawa anarudia, "Ni mimi, ni mimi sikuosha vizuri, ni mimi." Nesi akaleta mrija wa kunyonya mate. Ukaanza kulia kinywani mwa mtoto.

Bi Mayai alikuwa amesimama ukutani. Chupa ilikuwa kwenye pindo la nguo yake. Aliichukua wakati wanatoka, mkono uliichukua wenyewe. Akamtazama mwanawe, mtoto aliyemlea kwa mayai. Akamtazama mkwe anayejitwisha kosa lisilo lake kwa mara ya pili. Akawaza: huenda daktari akajua mwenyewe. Wana vitabu vyao. Aliwaza hivyo, Mungu amsamehe, huku mrija ukilia na mtoto akibadilika rangi midomoni.

"Mama," fundi akasema ghafla. "Bandani ulinyunyizia nini?"

Bi Mayai akatoa chupa. Daktari akaipokonya, akasoma, akapiga kelele sindano iletwe.

"Alinyunyiziwa wapi? Mwilini?"

"Kitandani," alisema Bi Mayai. "Kwenye chaga. Na godoro."

Chumba kilikuwa na watu wengi, lakini yeye alimwona mmoja tu. Mkwe alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamtazama kama mtu anayesoma maandishi madogo.

*

Mtoto alipona. Nasema mapema ili mtu asikae roho juu: alipona, na siku alipoanza kulia kwa sauti yake ya kawaida wodi nzima ilishangilia. Bi Mayai hakuwepo. Alikuja kila siku na chupa ya uji, na kila siku fundi aliipokea mlangoni, akasema, "Asante, mama," akarudi ndani.

Walipotoka hospitali hawakuja nyumbani. Walikwenda kwao mkwe. Baada ya hapo fundi akaja na mkokoteni. Hakugombana. Bi Mayai alikuwa amejiandaa kwa ugomvi, alikuwa na majibu mengi, na mwanawe hakumpa nafasi ya kutumia hata moja. Alivunja kitanda kwa nyundo, akakichoma uani pamoja na godoro na lile sanduku. Mbao zilipasuka motoni kwa muda mrefu. Akapakia vyombo vyao na nguo.

Mkwe alikuja kuchukua vilivyobaki. Mtoto alikuwa mgongoni, usingizini, shingo yake safi kabisa. Bi Mayai akasogea, akanyoosha mkono, mkono ukaishia hewani.

"Vifaranga wametoka leo," alisema. "Wazima, wote. Mchukulie mume wangu wawili. Akikua awe na wake."

"Hapana, mama."

"Sikufanya kwa ubaya, mwanangu. Haki ya Mungu."

"Najua." Mkwe akafunga bunda, lile lile, akalikaza fundo. "Ungesema tu, mama. Siku ile ya kitambaa. Nilikiona, ujue, nikadhani umejikata. Ungesema, 'Jamani, nimeleta wadudu ndani.' Tungecheka. Ningechemsha maji, tungefua siku nzima mimi na wewe, ikaisha."

Bi Mayai akatafuta la kusema. Lilikuwepo, fupi tu, watu husameheana kwa hilo kila siku. Likafika kooni, na mazoea ya miaka yote yakalizuia, akasema, "Nitamwona lini?"

"Tutaangalia," alisema mkwe. Mkokoteni ukatoka, lango likafungwa.

Bandani kuku walikuwa wameanza kuingia wenyewe tena jua likizama. Panga zao zilikuwa zinarudi kuwa nyekundu. Hiyo jioni Bi Mayai alimkuta tetea ametoka na wanawe kwenye boksi, anawaongoza koridoni, wanapiga kelele nyembamba nyuma yake, mpaka chumbani kwa mzazi. Akaingia nao. Akaelekea upande wa ukutani alikozoea, akazunguka, akazunguka tena, akapiga makucha kwenye saruji tupu penye alama nne za miguu ya kitanda.

Siku nyingine Bi Mayai angemfukuza kwa kandambili. Leo alipiga magoti pale sakafuni, akamsogezea mkono.

"Nisamehe," alimwambia kuku, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. "Hamna mtu humu, mama. Wamekwenda."